Ukili wa Shangazi na Fedha za Utafiti

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu unayesomea sayansi, na mpaka leo hunijia kama ndoto. Mvua ya vuli ilikuwa imepita mtaani kwetu Nguvumali, na shangazi yangu, Bi Mwanahamisi, alikaa barazani akisuka ukili wa mkeka. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kana kwamba vimepakwa chokaa, na ngozi ya mikono imekakamaa kama ya ngoma. Majirani walisema jini. Mimi nilijua ni ule ugonjwa adimu ambao kinga ya mwili humgeukia mwenyewe na kumshambulia.

Nilijua kwa sababu nimesoma. Mimi mtoto wa mkata mkonge nilijisomesha ng'ambo, nikarudi na diploma ya maabara. Ukija kwangu Mabawa utaiona ukutani.

Miaka ile tulikuwa tumetoka kwenye foleni za sabuni, biashara zikafunguliwa, na pamoja na mitumba wakaja wafadhili. Hospitalini nilikofanya kazi darubini tulikuwa nayo. Dawa za kupimia damu kwa ugonjwa kama wake hatukuwa nazo. Nikamwendea mfadhili mmoja.

"Wagonjwa unao wangapi?" akaniuliza.

"Mmoja."

"Basi andika malaria, utapata."

Nikarudi nikielea kwa furaha, nikiyasikia majokofu ya maabara yangu ya kesho yakinguruma kwa mbali.

"Shikamoo shangazi! Fedha tutapata. Nitaomba za malaria, nikupimie wewe."

"Marahaba. Yaani mie nitibiwe kwa jina la mbu?" Akacheka, kisha akaacha. "Hapana, baba. Siku wakigundua, wenzangu wenye maradhi haya nani atawaamini? Ndiyo kazi ya diploma hiyo?"

Nikaitazama mikono yake. Mkeka mzima peke yake hakuuweza tena. Alisuka kipande, jirani yake Bi Zuhura kipande, wakahakikisha upana ni mmoja, wakaviunga. Wazo likanijia hapo hapo, na nasema wazi, lilikuwa langu. Niliwaandikia madaktari wa Moshi, Pemba na Mombasa. Kila mmoja alikuwa na mgonjwa au wawili, akidhani hakuna wengine duniani. Tukakubaliana kuwapima wote kwa njia moja, tukaomba kwa jina la ugonjwa wenyewe. Yule mfadhili wa malaria akakataa. Mwingine akatoa, kidogo.

Mikono ya shangazi haikulainika. Lakini baadaye alikuja binti mmoja wa kijiji cha Mkwaja, vidole vikianza tu kubadilika rangi, tukampima mapema, akapata dawa. Shangazi akamkabidhi kikapu chake cha miyaa, yale majani ya kusukia. Binti yule anasuka hadi leo.

Kwa hiyo, mwanangu, ugonjwa wa wachache usiuvike jina la ugonjwa wa wengi ili upewe fedha. Watafute kwanza wenzako wa miji mingine, pimeni kwa kipimo kimoja, kisha mkabishe hodi pamoja, hata kwa mfadhili mdogo. Mungu akufungulie mlango, akupe wenzako wa kuunga nao, na vidole vyako vibaki laini mpaka uzeeni. Amin.