Mzee Sogea atafuta kidirisha cha kuonea pembe

Saa kumi na moja alfajiri, mfuniko wa sufuria unagonga mara moja, kisha unanyamaza. Mke wa mpiga picha ameudaka upesi asimwamshe. Hajui kwamba mumewe ameamka zamani, amekaa ukingoni mwa kitanda, anapangusa lenzi kwa kipande cha shati kuukuu.

"Usishibe wasiwasi tu, mume wangu," anamwambia anapomkuta macho. "Kunywa na chai."

Wateja humwita Mzee Sogea, maana kwa miaka arobaini na moja amekuwa akiwaambia, "Sogea kidogo." Hupiga picha za familia majumbani mwao. Zamani alipata kazi ishirini kwa mwezi. Siku hizi zikifika mbili anashukuru. Wenye simu hujipiga picha wenyewe. Waliobaki ni wenye wagonjwa wa kitandani, wanaotaka picha moja ya ukutani, wote wakiwa pamoja.

Katika vyumba hivyo, kitanda kikishakaa nafasi imekwisha, kwa hiyo hutumia lenzi pana. Lakini dirisha la kamera yake halionyeshi upana wote wa lenzi hiyo. Lazima apachike juu kidirisha kingine cha kuchungulia, kinacholingana nayo. Chake kilipasuka mwaka jana. Akanunua cha mtumba, bila kujua kilitengenezewa lenzi pana zaidi. Kikawa kinamwonyesha watu ambao filamu haiwachukui.

Miezi mitatu iliyopita aliipiga picha familia ya mzee aliyepooza. Mke wa mzee alisimama mwisho kabisa, karibu na mlango. Picha ilipotoka, alikuwamo kwa vidole vinne tu, vimeshika shuka. Kabla hawajapiga nyingine, mama huyo akafariki.

"Nilimwona kwa jicho langu," anasema Mzee Sogea. "Nikamwambia, mama, cheka kidogo. Akacheka. Sasa kicheko kile nimekipeleka wapi?"

Binti wa marehemu hakumgombeza. Amemwita tena leo, ampige picha baba kabla naye hajaondoka.

Saa tatu yuko kwa fundi kamera. Mezani kuna vidirisha viwili.

"Chukua hiki cha chuma," fundi anasema. "Namba yake ya upana na ya lenzi yako ni ndugu wa tumbo moja."

Anachungulia. Tundu ni dogo, miwani inamzuia kusogea, pembe hazioni. Anavua miwani: ukungu mtupu.

"Kidirisha kizima, mzee. Kilichochakaa ni jicho."

"Basi niuzie jicho."

Wanacheka.

Cha pili ni cha plastiki, kina mikwaruzo na mguu wake wa kupachikia umelegea. Namba ni ile ile, tundu ni pana, na kwa miwani yake anaona pembe zote nne. Fundi anasimama ukutani na kunyoosha mikono, ili ncha za vidole vyake zimwonyeshe mzee kingo za picha. Anachagua hicho. Fundi anakunja karatasi, anaukaza mguu nayo, wala hadai chochote kwa kazi hiyo.

Nyumbani kwa mgonjwa, binti amemnyoa baba ndevu na kumvalisha shati jeupe. Ndugu wamejibana kando ya kitanda.

"Sogea, mwanangu. Na wewe shangazi, sogea."

Anamaliza filamu yote. Akishusha kamera, anaiona ile karatasi sakafuni. Kidirisha kimelala upande. Hajui tangu picha ya ngapi, na filamu nyingine hana.

Angeweza kunyamaza.

"Sitawadanganya," anasema. "Kilikuwa kimepinda. Sijui nani yumo, nani hayumo."

Shangazi anageukia ukuta. Binti anamletea kiti.

Filamu ataisafisha Jumamosi. Akipata hata picha moja nzima, ataendelea na kazi. Asipopata, kamera ataifungia sandukuni. "Mtu nimfute mara ngapi?" anauliza.

Kitandani, mgonjwa anahangaika na ulimi mzito. Binti anainama, kisha anaeleza.

"Baba anasema uje Ijumaa. Usingoje picha. Uje tu ukae naye."