Karabine ya Maman wa Mumosho

Juzi, kwenye ofisi moja hapa Bukavu, maman mmoja wa Mumosho, aliyewahi kuwa askari, alikuwa akijaziwa karatasi ya silaha aliyorudisha. Alisema ilikuwa fupi, na karani akaandika bastola.

"Futa, papa. Ile ilikuwa karabine."

Akachukua mpini mpya wa jembe aliotoka kuununua sokoni, akaukaza begani, jicho moja amelifumba. "Bastola unashika na mukono tu. Karabine unaegemeza hapa, sawa na fusil, ile bunduki ndefu. Kanoni, ile bomba ya mbele, ndiyo iko fupi, ili isikwame mu vichaka."

Karani akafuta. "Na kazi ya sasa?"

Maman akaushusha mpini, akaugonga sakafuni mara moja. "Mulimaji. Hiyo andika na herufi kubwa."

Nimeona magwaride mengi katika mji huu. Sijaona aliyesimama wima kama mkulima yule.