Hodi Katika Nyumba Tupu

Asukile alikuwa na ugonjwa ambao Mbeya nzima iliujua: kupiga picha nyumba zisizo na watu. Siku za kazi alipiga maharusi na makarani katika studio ya karibu na soko. Jumamosi alidandia lori la Chunya, kamera ya sanduku begani, akaenda kuzurura kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, ambako wachimbaji wengi walikuwa wamekwisha kuondoka na mabati yao. Filamu alinunua kwa pesa zake mwenyewe. Watu walimcheka, nami siwalaumu. Picha ya ukuta uliobomoka nani ataitundika sebuleni?

Lakini baba yake alikwenda huko kuchimba dhahabu, Asukile akiwa bado wa kubebwa mgongoni, wala hakurudi. Mama yake, Lusia, kule Rungwe, alikataa katakata kuweka matanga. Hakuona maiti, hakuona kaburi, sasa amlilie nani? Kila picha aliyoletewa aliisogeza dirishani, akaikagua pembe zote, akairudisha. "Hapa hayupo," alisema. Ndiyo maana Asukile hakuchoka. Alitaka kumpelekea mama yake neno moja la hakika, hata likiwa chungu.

Na adabu zake alikuwa nazo. Nyumba iwe haina paa wala mlango, hakuingia mpaka apige hodi na kungoja kidogo, kama alivyolelewa. Alipiga hodi kwenye klabu ambayo mkuyu ulikuwa umepasua sakafu yake. Alipiga hodi kwenye duka ambalo mchwa walikuwa wamemaliza rafu zote. Madereva wa malori walimwigiza, wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Mwaka wa hamsini na sita, kiangazi kikiishia, alipiga hodi kwenye ghala la zamani la mitambo. Sauti ikajibu, "Pita, mwanangu."

Almanusura aangushe kamera. Ndani mzee mmoja alikuwa amekalia pipa lililopinduliwa, anamenya viazi. Asukile alimtazama masikio, akamtazama vidole, akitafuta chochote cha kwao. Mzee akajitaja: Liberatus, mtu wa Tosamaganga, Iringa. Asukile akamuuliza habari za baba yake; mzee hakumjua hata kwa jina. Kijana akaketi chini palepale.

"Nyumbani kwako kuna watu, baba?" aliuliza baadaye.

"Mke yupo. Severina. Kama hajaolewa."

"Sasa mbona hurudi?" Swali hilo alikuwa amemwekea mtu mwingine, na likatoka kwa ukali.

Liberatus hakuacha kumenya. "Niliaga nikisema nitarudi na ng'ombe. Leo nirudi na nini, mwanangu? Na hiki kisu? Wamekwisha kunililia. Waache."

"Basi nikupige picha."

"Piga. Ila usiipeleke kwetu."

Asukile akaahidi.

Picha ilipokuwa tayari aliipeleka Rungwe. Lusia akaisogeza dirishani. Safari hii hakukagua pembe. Aliutazama uso wa yule mzee, akauliza ni nani, ana mke, na mke yuko wapi. Asukile akamweleza yote, huku akingoja lile neno la siku zote. Halikuja. Mama aliifunga picha kwenye kitambaa, akaanza kutafuta viatu vyake vya kanisani.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Iringa."

"Nilimwahidi haitapelekwa."

"Uliahidi wewe. Mimi hajaniomba kitu."

"Na baba bado hatujampata."

"Najua." Alikuwa amekwisha kuvaa kiatu kimoja. "Ila pengine yuko mtu aliyemwona baba yako, akaona haya kuniletea habari. Nisiwe kama yeye."