Aliyekohoa Mlangoni Kwake Mwenyewe

Baba yangu alikuwa na ng'ombe mwekundu ambaye pembe yake moja iliinama mbele ya jicho, utadhani anataka kukuambia siri. Alimuuza kwa mtu wa Nyansiongo, kule kwenye mashamba makubwa waliyoyaacha wazungu, na mtu yule akamfunga kamba wakaenda kwa miguu kutwa nzima. Wiki ya tatu, asubuhi, ng'ombe akarudi peke yake. Kamba imekatika, kwato zimejaa matope. Akakuta mtamba mwingine amefungwa mahali pake.

Wewe unayefuga unajua ng'ombe hana adabu. Mwingine angeingia na pembe. Huyu alisimama nje ya zizi akatafuna tu, anaangalia upande wa mto kama hajaona kitu, mpaka baba akatoka, akamwona, akamhamisha yule mtamba. Ndipo akaingia.

Nikisema baba, hapa nasema kwa Kiswahili. Kwa Kigusii mama ndiye "baba," na baba ni "tata." Jambo hilo ndilo lililonitoa shuleni, na kwa kuwa nimelitaja acha nilimalize. Nilikuwa darasa la tatu. Mwalimu, mgeni kutoka upande wa ziwani, akaniuliza kwa Kiswahili baba yangu yuko wapi. Nikajibu yuko nyumbani, ananyonyesha mtoto. Darasa lilicheka mpaka kuku wakakimbia uwanjani. Mwalimu akadhani namchezea, akanichapa, nami nikaenda nyumbani kwa huyo baba anayenyonyesha na sikurudi. Kiswahili hiki ninachoandikia nilikiokota Kisii mjini, kwenye maduka ya Waislamu niliokuwa nawapelekea ndizi. Wao walinisahihisha bila fimbo.

Lakini nilikuwa kwa ng'ombe. Mnunuzi alikuja kumfuata, akaenda naye, basi. Miaka mingi sikumkumbuka tena. Nilikuja kumkumbuka mwaka juzi, mwezi wa Desemba, nikiwa uchi, povu la sabuni kichwani, ndani ya nyumba ambayo sikupaswa kutia mguu.

Nyumba yenyewe ni ya mwanangu wa kwanza. Yeye anaishi Amerika na familia yake, kazi yake ni kutunza wazee wa huko, kuwaogesha na kuwalisha. Mke wangu husema tulizaa mtoto akaenda kuogesha wazee wa wengine. Alikuwa hajarudi miaka saba, lakini nyumba aliijenga kwa simu, juu kidogo ya boma letu, upande huu wa Birongo ambapo chai inaanza. Vigae sakafuni, madirisha mapana, bafu ndani, na maji yanayopashwa moto na jua.

Sasa, sisi Abagusii tuna kitu tunachokiita chinsoni. Ni heshima, ila heshima yenye haya ndani yake. Baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mama anaingia, anafagia, anakaa anavyotaka. Baba anaishia uani. Anakohoa, mwana anatoka, wanaongea wamesimama. Na mwana naye akija kwa baba anakohoa kwanza. Kulala ndani ya nyumba ya mwanao, tena kitandani mwake, hilo wazee wakilisikia hawakupi tena kiti kwenye mkutano. Utaendelea kuishi, lakini utasalimiwa kama mtoto.

Mimi nililala humo kuanzia Aprili.

Sitajitetea sana. Mabati ya nyumba yangu yalikuwa yameoza, na mvua ya mwaka ule ilinifuata mpaka kitandani. Niliweka sufuria, nikaweka ndoo, nikaweka karai la kuogea wajukuu, vyote vikajaa. Nikamwambia mke wangu naenda kule juu siku tatu tu, nalinda nyumba dhidi ya wezi. Akasema yeye hahami. Akasogeza kitanda kwenye kona iliyo kavu, akaniambia, "Nenda wewe ukaoge kama mzungu." Siku tatu zikawa miezi minane. Nikishuka kula asubuhi ananiuliza, "Mpangaji, umeamkaje?" Aliniita mpangaji mpaka kuku wakazoea.

Ukweli ni kwamba nilipapenda. Maji ya moto yanaposhuka juu ya mgongo uliobeba majani ya chai miaka arobaini, mtu unasahau wewe ni nani.

Siku mbili kabla ya hiyo ninayosema, mwanangu alikuwa amepiga simu akasema Krismasi hatakuja, kazi imembana. Mama yake akasikitika, nami nikasikitika, na ndani ya kusikitika kwangu kulikuwa na kipande kidogo cha kufurahi, Mungu anisamehe. Kumbe alipiga simu akiwa na tiketi mfukoni, ya kuja peke yake. Alitaka kutushangaza.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilikuwa bafuni. Nikasikia gari dogo, kisha sauti ya mtu mzima ikiita kule chini, "Baba!" Mke wangu akaitika kwa kilio cha furaha, ndipo nikajua ni mwanetu.

Mke wangu anasema mwana alimuuliza, "Tata yuko wapi?" Yeye hajui kusema uongo, na siku hiyo hakutaka kusema ukweli. Akainua macho tu kule juu kilimani. Mwanangu akatazama. Suruali yangu ilikuwa imeanikwa kwenye kamba yake, imefungua miguu kama inamkaribisha.

Nikamsikia anapanda. Funguo zikalia mkononi. Nikawaza, sasa anafungua, sasa mtoto anamwona baba yake uchi ndani ya nyumba yake, na mimi nimekwisha. Maji yanaendelea kunimwagikia, nimeshindwa hata kuyafunga.

Hatua zikasimama mlangoni. Kisha akakohoa.

Nataka uelewe. Mtu amekaa miaka saba kwenye nchi ambako, yeye mwenyewe alituambia, baba na mwana wanaogelea pamoja. Amesafiri siku mbili. Anasimama mbele ya mlango alioununua yeye, ufunguo anao, na anakohoa kama anayeomba ruhusa kwa mwenye nyumba. Kikohozi cha pole, mara mbili, kama nilivyomfundisha akiwa hajaota ndevu.

Kisha akasema, bila kuinua sauti, "Wenye nyumba mpo? Mimi ni mpita njia. Naomba maji ya kunywa, lakini sina haraka. Acha nizunguke kwanza niangalie chai."

Akaondoka kwa kukanyaga kwa nguvu, ili nimsikie anavyokwenda mbali. Ndipo nilipomkumbuka yule ng'ombe mwekundu, aliyetazama mto mpaka mwenzake akatolewa. Nisifikiriwe vibaya, simfananishi mwanangu na mnyama. Lakini akili ya mtu aliye uchi huenda inakotaka.

Nilivaa nikiwa bado nimelowa. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikapita kwenye migomba, nikaingia boma langu kutoka upande wa choo, nikachukua kapu la kuchumia majani na kutokea mbele nalo likiwa tupu. Yeye alikuwa amekwisha kushuka, ameketi na mama yake. Akasimama, akainamisha kichwa.

"Tata, nimefika."

"Umefika," nikasema. "Nilikuwa kwenye chai."

Mke wangu akaniangalia sikio. "Majani ya siku hizi yanatoa povu," akasema.

Mwanangu akatazama viatu vyake. Mabega yalimtikisika kidogo, lakini uso haukucheka. Nilimpenda siku ile kuliko siku aliyozaliwa, kwa maana siku aliyozaliwa nilitaka msichana.

Habari ya kitanda aliimaliza jioni ileile kabla jua halijazama. Alimwambia mama yake, mimi nikisikia, kwamba madaktari wa kule wamemkataza kulala kitandani, mgongo wake unataka sakafu. Kitanda kile kikubwa kinamsumbua, je, tata hawezi kumsaidia akichukue? Kikashushwa. Kilijaza chumba changu chote, mpaka leo mke wangu hupita kwa ubavu na kulalamika. Mwanangu alilala sakafuni siku zake zote za likizo, kwenye godoro alilotoka kununua Birongo. Mgongo wake hauna kitu. Nimemwona akibeba gunia la mahindi kama mto wa kulalia.

Kesho yake akaleta mabati. Hakutaka fundi. Akapanda mwenyewe juu ya nyumba yangu, mimi nikamshikia ngazi. Alipofungua bati la kwanza, likavunjika mkononi kama mkate mkavu.

"Tata, hapa pamevuja tangu lini?"

"Aprili."

Akagonga misumari miwili. "Kwa nini hukuniambia kwenye simu?"

"Simu ni ya salamu."

Nyundo ikanyamaza. Nilikuwa natazama nyayo za viatu vyake, uso sikuuona, na nadhani ndivyo alivyotaka. Akasema, "Basi kosa ni langu, sio lako. Nilijenga yangu kabla sijaangalia yako."

Nilishika ngazi kwa mikono miwili, ingawa haikuwa inatikisika. Jumamosi akashuka, tukaenda kanisani kwa kuwa sisi ni watu wa Sabato, na Jumapili akapanda tena mpaka akamaliza.

Siku ya Krismasi wazee walikuja. Tulikula ugali wa wimbi, kuku, na mboga yetu ya chinsaga iliyochacha kwa maziwa siku mbili kama inavyotakiwa. Rika langu mmoja, jirani yetu, tuliyetahiriwa naye mwaka mmoja na ambaye hajawahi kuniachia jambo lipite, akafuta midomo na kusema kwamba taa ya nyumba ile ya juu ilikuwa ikiwaka kila jioni tangu mvua ya Aprili. Akaniuliza mbele ya wote, "Mzee mwenzangu, nani alikuwa anaiwasha? Mama watoto tunamwona hapa chini."

Wazee wakaacha kutafuna. Mfupa ulikuwa mkononi mwangu na sikujua nauweka wapi. Mke wangu akainuka kwenda kuchukua maji ambayo yalikuwa tayari mezani.

"Ni mimi," mwanangu akasema.

"Wewe? Si ulikuwa Amerika?"

"Taa za siku hizi, mzee, mtu anaziwasha kwa simu akiwa ng'ambo. Nilikuwa naiwasha jioni ili wezi wadhani kuna mtu."

Akatoa simu, akaigusa, akaelekeza kidole juu kilimani. Ilikuwa mchana, jua kali, hakuna aliyeona kitu, lakini wazee wote waliitikia kwa kichwa kwamba wameona. Rika langu aliitazama simu ile muda mrefu.

"Inaweza pia kukamua?" akauliza.

"Bado, mzee. Wanaishughulikia."

Wakacheka, wakarudi kwenye kuku. Kiti changu kilibaki changu. Mpaka leo rika langu anawaeleza watu wa Itumbe habari za ile taa, na mimi humwitikia.

Aliondoka baada ya mwaka mpya, asubuhi. Begi lilikuwa tayari garini. Tulisimama uani kwake, yeye na mama yake na mimi, na ninaposema uani namaanisha uani, hatua nne kutoka mlangoni. Akafunga mlango, akanyoosha mkono kwangu na ufunguo.

"Tata, uniangalizie nyumba. Bafu lisikauke, mabomba yataharibika."

Nilimtazama kuona kama ananijaribu. Hakuwa ananijaribu. Alikuwa ananipa, mtoto huyu, ananipa maji yangu ya moto mbele ya mama yake bila kuyataja.

Nikauchukua ule ufunguo, nikauweka kwenye kiganja cha mke wangu, nikavikunja vidole vyake juu yake. Nikamwambia mwanangu safari njema. Kisha nikachukua kapu langu nikashuka kwenye chai, na ndani ya nyumba ile sijatia mguu tena.