Manifoldi ya Majaribio

Miaka ya tisini nilikuwa nikiishi peke yangu Ansab, ng'ambo Uarabuni, mtumishi wa wizara, sina mke, na ndugu zangu wote wamebaki Unguja. Siku za kazi zilijiendea zenyewe. Alkhamisi na Ijumaa, siku za mapumziko, ndizo zilizokuwa zikinitoa roho.

Nilijiliwaza kwa magari ya zamani ya Kimarekani, yale yenye injini kubwa za silinda nane. Sikuwa nalo hata moja. Kazi yangu ilikuwa kutambua vipuri. Waliokuwa wakiyafufua waliniletea vyuma, nikavisugua kwa mafuta ya taa, nikapitisha chaki juu ya namba, kisha nikatafuta vitabuni. Vingi vilikuwa vya kawaida, na nilisema hivyo bila kumung'unya maneno. Wapo walioondoka wamenuna. Nilichokuwa nikikiota ni kipuri cha majaribio: wahandisi wa kiwandani walitengeneza viwili vitatu, wakavijaribu, mradi ukafutwa. Hicho hukikuti vitabuni. Kina herufi X na tarakimu zilizogongwa kwa mkono, moja juu, moja chini.

Jirani yangu alikuwa mzee mgane, mtu wa Unguja kama mimi, na ndiye pekee niliyekuwa nikikaa naye kuzungumza. Alkhamisi moja alasiri, barazani kwake, akanifunulia kitu alichokifunga kwenye shuka: manifoldi ya alumini, ile inayokaa chini ya kabureta na kugawa hewa na petroli kwa silinda.

“Mwanangu alikuja nayo kutoka Marekani alipomaliza kusoma,” akasema. “Akanambia, baba, hizi dunia nzima hazifiki tatu. Mwaka ule ule akafa kwa ajali. Miaka yote hii nnayo chini ya kitanda. Wewe ndiye mjuzi. Alisema kweli?”

Nikaigeuza. X ilikuwepo, na tarakimu zake zimepinda.

Sasa, kwetu ukikisifu kitu cha mtu nyumbani kwake, umekiomba. Mwaka uliotangulia niliusifu mrashi wake wa fedha, ule wa kunyunyizia marashi, na kabla ya magharibi ulikuwa umeshafika kwangu; kuurudisha kungekuwa matusi. Nilijua nikisema kweli ataifunga tena ile shuka na kunipakatisha kumbukumbu ya mwanawe. Tena nilikuwa naitaka. Hilo ndilo lililonitia aibu zaidi.

“Ya kawaida tu, mzee,” nikasema.

Nilipanga kumwambia kweli kesho yake msikitini, mahali ambapo hana cha kunitia mikononi. Hakuja. Ningeweza kwenda kumgongea mlango, ni hatua ishirini tu. Nikajiambia Alkhamisi si mbali.

Alkhamisi nikamkuta amekaa palepale. Nikauliza ile manifoldi iko wapi.

“Nimempa mnunua vyuma chakavu, pamoja na kiyoyozi kibovu. Ya nini kulala juu ya takataka?”

Nikaenda kila uwanja wa vyuma chakavu niliokuwa nikiujua. Alumini hainunuliwi ikawekwa. Ilikuwa imeshapelekwa kuyeyushwa. Nikarudi kwake na vumbi langu, nikamweleza yote: ile X, mrashi, tamaa yangu. Nikamwambia mwanawe alisema kweli, kwamba katika maisha yangu yote sijapata kushika kitu kama kile.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipigapiga goti, kama anayembembeleza mtoto.

“Wewe watu wote wanakujua, kwenye vyuma husemi uwongo,” akasema. “Usianze leo kwa kunihurumia mimi. Kijana wangu alikuwa mtu wa maneno makubwa. Nshamsamehe.”

Nikaapa. Akanikataza kuapa. Akanimiminia kahawa, nami nikainywa, maana sikuwa na nyumba nyingine ya kwenda.