Mawe Tuliyoyasugua kwa Ajili ya Mgeni

Mimi ni mwanamke wa kupenda usafi, na sitaomba radhi kwa hilo. Mama yangu alitoka kaskazini, upande wa Pweto, akaolewa na mtu wa reli, na kabla ya kunifundisha sala alinifundisha kufagia. Mgeni akija akute uwanja una mistari ya ufagio. Basi.

Nyumba yangu iko mtaa wa Naviundu, pembeni ya mji, na nyuma yake kinapita kijito. Hapo ndipo nina bustani yangu ya mboga za majani, lengalenga na matamba. Kwa miaka mingi maji yalikuwa maji tu. Halafu huko juu wakajenga kiwanda cha kuosha mawe ya shaba, na kijito kikaanza kuja na rangi. Asubuhi nyingine kilikuwa kama maziwa yaliyotiwa bulu ya kufulia. Niseme kweli, kilipendeza. Nilisimama na ndoo, nikayatazama maji yakipita polepole ndani ya ukungu, kama kitenge kirefu kinachovutwa na mtu nisiyemwona, hata nikasahau nilichofuata. Nikamwagilia, na kufika mchana majani ya mboga zangu yalikuwa yameungua pembeni.

Zamani kiwanda kilijiandikia chenyewe ripoti ya maji yake, karatasi inalala kwenye droo, kibali cha kazi kinapigwa muhuri. Sasa wamebadilisha. Mjukuu wangu mkubwa, ambaye naye sasa ni mama, alinionyesha kwenye simu: unaandika ulichoona na mahali, inaingia moja kwa moja kwa watu wa serikali wa mazingira. Na lalamiko likiwepo, kibali hakiongezwi mpaka ajenti wao aje aone kwa macho yake. Tukaandika kwamba mawe ya ukingoni yameshika ukoko wa kijani. Wakajibu: ajenti atakuja Alhamisi. Kiwanda kilikuwa kinaomba kibali kipya mwezi uleule. Kikipewa hivihivi, bustani yangu imekwisha.

Jumatano nikaita jirani zangu wawili, ambao huniita Nkambo, yaani bibi, kama mtaa mzima.

“Bageni ya serikali banakuya kesho. Tusugue.”

“Nkambo, utatuua na kazi! Kwani ni askofu?”

“Hata akiwa shetani, akute safi.”

Tukasugua kwa majivu, mchanga na sabuni, tukiwa tumepiga magoti majini. Jua lilipolala mawe yaling'aa kama sahani za Pasaka. Nililala nimeridhika.

Ajenti alikuwa msichana mwenye buti, na mashine bapa ya kuandikia mkononi. Alitembea ukingoni, akaenda, akarudi.

“Nkambo, ule ukoko iko wapi?”

“Tulisugua.”

“Mulisugua?”

“Si ulikuwa unakuya mugeni?”

Akacheka mpaka akakaa chini. Halafu hakucheka tena. “Mi ninaandika kile ninaona. Leo ninaona mawe safi na maji safi. Nitaacha dosye, ile faili yenu, wazi mpaka mwisho wa mwezi. Maji ikibadilika, piga picha palepale, utume. Na tafadhali, Nkambo, usiguse ile mawe.”

Tangu hapo kila alfajiri nilikaa kwenye kigoda, simu imefungwa kwenye kitenge. Ukungu ulipanda, sauti za Kamalondo zikaja kwa mbali kama za mji wa ndotoni. Mara nyingine nilisinzia, nikamwona mama yangu ng'ambo ya kijito, ameshika ufagio, ananitazama. Majani yalianguka uwanjani, nikayaacha, nisije nikagusa chochote kabla ajenti hajarudi. Jirani akapita.

“Nkambo, leo ufagio iko mugonjwa?”

“Funga kinywa. Huu uchafu iko na kazi.”

Asubuhi moja yale maziwa yakaja. Picha ya kwanza nilipiga kidole changu cha mguu. Ya pili ilikuwa kijito chote, chenye bulu yake. Nikatuma. Simu ikajibu: imepokelewa. Nikaendelea kukaa nikiyatazama maji yakipita, na mawe chini yake yakianza tena kushika rangi.

Ajenti aliporudi nilimpa kiti katikati ya majani makavu. Niliona haya kama niliyetoka bila kitambaa kichwani. Yeye alikwangua ukoko kwa kisu kidogo, akautia kwenye chupa, akachota na maji. Wiki iliyofuata alirudi tena kuniambia mwenyewe: kibali kimezuiwa mpaka kiwanda kichimbe bwawa la kutuliza maji yake, uchafu uzame, kabla ya kuyaachia, na yeye atakuja kulikagua.

“Sasa naweza kusugua?” nikamuuliza.

“Sasa unaweza, Nkambo.”

Nikaenda jikoni kuchota majivu.