Wivu wa Randu na Chupa ya Nikeli

"Sikukatazi kucheka, Kache. Nauliza tu: mbona jana alipoeleza Amir ulicheka mpaka ukaegemea mlango, na nilipoeleza mimi ukapiga mwayo?" Randu alimuuliza mkewe.

"Kwa sababu Amir kaeleza nikaelewa, babake Kai."

Amir, mshirika wa Randu katika kibanda cha kusuka upya waya za mota pale Magogoni, alijitia kukwangua waya. Mezani ilikaa chupa iliyowagombanisha: maji ya magadi, waya wa nikeli ndani, na betri ya pikipiki. Chupa ilitoa joto jingi kuliko umeme iliopewa. Na si joto la mchezo. Paka wa mtaa jirani wa Mtopanga walihamia chini ya meza ile, panya wa huko wakaanza kutembea mchana kama mahakimu.

Joto latoka wapi? Wataalamu wenyewe hawajapatana, na wengi husema ni kupima vibaya tu. Randu alishikilia kwamba hidrojeni ya maji hubanwa ndani ya nikeli hadi viini viwili vikawa kimoja. Amir akakataa: viini husukumana. Bali kiini cha hidrojeni humeza elektroni kikawa nyutroni, kama mtu aliyejitia buibui akampita bawabu asimjue, akaingia kwenye kiini cha nikeli kwa raha zake, na humo joto likatoka.

Buibui hilo ndilo lililomchoma Randu. Kache alilisimulia kwenye mfereji wa maji, na kabla ya adhuhuri limefika Kiembeni. Wivu aliokuwa nao mumewe, ungeutia chini ya sufuria ya pilau ya arusi, kuni zingebaki uani.

Na leo Mwalimu Hafswa wa chuo kikuu anakuja na vipimo vyake.

"Amir ndiye amweleze," alisema Kache. "Wewe mkaribishe chai."

"Chai? Chupa si yangu?"

"Shemeji, msigombane kwa ajili yangu," Amir akaingilia. "Randu aseme lake, nami langu."

"Msikie alivyo na adabu," Randu akasema. "Ndiyo unayompendea?"

"Una wivu wa nyutroni, mume wangu. Hata wake wenza hawafiki huko."

Kache akavuta ncha ya leso aipanguse chupa kabla mgeni hajafika. Mkono ukasita.

"Mbona baridi?"

Amir akaigusa, kisha akainama. Waya wa betri ulikuwa umechomolewa, umekunjwa vizuri kando.

"Ikiwa baridi, hakuna wa kueleza," alisema Randu, macho kwenye sakafu. "Si mimi, si yeye."

"Umeuchomoa lini?" Kache akauliza.

"Jana. Ulipokuwa ukicheka."

"Bwana wee," Amir akasema polepole, "hii yataka siku nzima kupata joto tena. Sasa huyo mwalimu tutamwambia—"

"Asalaam alaykum," Mwalimu Hafswa akasema, ameshaingia, mkono mmoja umeshika kipimajoto, wa pili anaunyosha kwenye chupa.